Milka na Mechi ya Zambia

Milka Mghoi alizaliwa Mghange, juu kwenye milima ya Taita, akasomea ualimu, akapata kazi mjini Voi, na kwa miaka kumi na mmoja alibeba ushindi ambao hakuupata. Ushindi huo ulikuwa dhidi ya Zambia, mabao thelathini na moja kwa ishirini na nane, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi mwaka 1987. Watu wa Mghange walizijua namba hizo kama wanavyojua namba za nyimbo za kanisani. Kasoro ilikuwa moja tu: mechi hiyo haikuwahi kuchezwa.

Naieleza habari hii kwa kuwa mwenyewe ameniruhusu, na kwa kuwa iliisha vizuri. Mambo mengi niliyoyaona maishani hayakuisha hivyo.

Nilimfahamu Milka mwaka 1990, nilipohamishiwa shule ya msingi aliyokuwa akifundisha, upande wa pili wa reli. Nyumba zetu za walimu ziliegemeana, na ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akiunguza vitunguu, mimi ndiye niliyepiga chafya. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye vidole vya mtu aliyeumbwa kudaka mpira. Mimi nilimzidi miaka saba au minane, mama wa watoto watatu, binti wa mwenye duka aliyetoka Mombasa. Yeye alikuwa Mkristo wa mlimani, hajaolewa. Tulielewana upesi, kama wanavyoelewana watu wasiopenda kelele.

Ndiye aliyefundisha timu ya wasichana ya mpira wa pete. Jioni, jua la Voi likipunguza makali, aliwachorea uwanja kwa jivu la jikoni, akawagawia fulana zenye herufi kifuani, kisha akasimama nje ya mstari, mikono nyuma. Aliona kila kitu.

"Rayhana, umeushika huo mpira mpaka utaota mizizi!" angeita. "Sumayya, hiyo ni hatua ya tatu. Unakwenda sokoni?"

Wasichana walicheka, wakamsikiliza. Lakini hakuna aliyewahi kumwona akirusha mpira kwenye pete, hata kwa mzaha. Akiombwa aonyeshe, alisema goti linamsumbua. Goti hilo halikumsumbua siku alizokimbilia basi.

Nilidhani ni maringo ya mchezaji mkubwa, maana hata Voi habari ya Zambia ilikuwa imefika. Nikadhani pia kwamba ndiyo sababu hakupenda kwenda kwao. Mghange si mbali. Unapitia Mwatate, unapanda mpaka Wundanyi, unaendelea kidogo. Yeye alikwenda Krismasi tu, akalala siku mbili, akarudi mwenye sura ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Aliniambia ukweli mwaka 1993, tukisahihisha mitihani barazani. Aliweka kalamu chini.

"Dada Saadiya, nikuambie kitu, halafu ukitaka usinisalimie tena."

"Umeua?"

"Sikucheza na Zambia."

Nilimwuliza alicheza na nani basi. Akasema hakucheza na mtu yeyote. Kisha akanieleza, polepole, akiwa anatazama reli.

Mwaka ule wa 1987 alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na hapakuwa na mfungaji kama yeye katika wilaya nzima. Alipokea barua iliyomwita Nairobi, kambini, pamoja na wasichana wengine kutoka huku na huku. Kulikuwa na matumaini kwamba mpira wa pete ungepewa nafasi katika Michezo ya Afrika, angalau mechi moja ya maonyesho. Walifika, wakafanya mazoezi siku nne. Siku ya tano mama mmoja mwenye faili akawaambia kwamba haiwezekani. Orodha ya michezo imefungwa. Mpira wa wavu umo, wa kikapu umo, wao hawamo. Anayetaka kurudi kwao arudi. Anayetaka kubaki, kuna kazi ya kuonyesha watazamaji viti vyao.

Wengi walirudi. Milka alibaki, kwa sababu hakuwahi kuiona Nairobi, na kwa sababu aliona haya kurudi baada ya siku tano. Wakampa suti ya michezo iliyoandikwa KENYA mgongoni, sawa na waliyopewa wengine wote waliokuwa wakihudumu. Kwa wiki mbili alisimama mlangoni akisema, "Safu ya nane, upande wa kushoto. Karibuni."

"Hakuna aibu hapo," nilimwambia.

"Ngoja. Sijafika kwenye aibu."

Kabla ya kuondoka Voi alikuwa amemwandikia mamake barua, na mamake, ambaye hakusoma, aliipeleka kwa Mzee Zephaniah, mzee wa kanisa. Barua ilisema, "Nimeitwa Nairobi kwenye Michezo ya Afrika." Jumapili Mzee Zephaniah alisimama wakati wa matangazo akasema kwamba binti yetu Milka ameitwa kuichezea Kenya. Kanisa zima likapiga vigelegele. Siku ya kurudi kwake, kwaya ya watu ishirini na wawili ilishuka mpaka Voi juu ya lori la kabichi lililokuwa likienda Mombasa. Basi la kutoka Nairobi liliposimama, Milka akateremka. Alikuwa amevaa ile suti kwa sababu ndiyo nguo pekee iliyobaki safi.

"Niliwaona wamejipanga na kayamba zao," alisema. "Majani ya kabichi bado yamewaganda kwenye sketi. Waliponiona mgongo wangu umeandikwa Kenya, walianza kuimba. Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Na mama yangu alikuwa mbele, Dada. Alikuwa anacheza. Mama yangu, ambaye tangu baba afe sikuwa nimemwona akicheza."

Alinyamaza siku hiyo akidhani atasema kesho. Kesho watu walikuja nyumbani kumpa mkono. Jumapili iliyofuata, mtoto wa shule ya Jumapili akamwuliza mbele ya wote, "Mlicheza na nani?" Naye akajibu, "Zambia."

"Kwa nini Zambia?"

"Sijui. Nilikuwa nimewaonyesha viti watu wa Zambia. Walikuwa na adabu."

Hilo ndilo neno moja tu la uongo alilowahi kulisema. Mengine yaliota yenyewe. Krismasi ya mwaka ule alipokwenda nyumbani alikuta tayari wameshinda. Iliyofuata akakuta mabao thelathini na moja kwa ishirini na nane. Hakujua nani aliyeyafunga. Mwalimu wa sanaa akayaandika kwenye ukuta wa ofisi ya shule, kwa rangi ya buluu, chini ya jina lake. Mamake akaanza kuitwa Mama wa Mchezaji, akapewa kiti cha mbele kwenye mikutano.

"Sasa niseme vipi?" aliniuliza. "Nikisema, namwondoa mama kwenye kile kiti."

Nilimmiminia chai. Kesho yake nilimsalimu kama kawaida, na hatukulizungumza tena kwa miaka mingi. Lakini nililiwaza. Niliwaza jinsi mtu anavyoweza kuuacha mchezo anaoupenda kwa sababu watu wanamsifu kwa mchezo ambao hakuucheza. Kila akiushika mpira, alikuwa anashika uongo wake.

Mwaka 1995 tulisoma gazetini kwamba Kamati ya Olimpiki imeutambua mpira wa pete. Milka aliisoma habari hiyo mara mbili, akalikunja gazeti.

"Wametutambua," akasema. "Yaani wametuona tumesimama mlangoni, wakatuuliza hali. Kuingia ndani bado."

Kisha ikaja Septemba ya 1998. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa ikifanyika Kuala Lumpur, na mpira wa pete, kwa mara ya kwanza, ulikuwa miongoni mwa michezo ya kugombea medali. Redio ya chumba cha walimu iliitangaza habari hiyo wakati wa mapumziko. Mwalimu Festus, ambaye hawezi kukaa kimya hata akiwa na mkate mdomoni, aliruka.

"Mwalimu Milka! Sikia, wenzako! Australia, New Zealand, Jamaika! Nyinyi mlifungua njia na Zambia, sasa wanapita kama barabara ni yao!"

Milka alitabasamu, akatoka nje. Nilimfuata. Nilimkuta ameshika bomba la maji kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Miaka yote nimeisubiri habari hii," akasema. "Imekuja, na siwezi kuifurahia. Mimi ndiye mtu mmoja Taita nzima asiyeweza kuifurahia."

Siku tatu baadaye akaja nyumbani kwangu na barua. Ilitoka kwa Bwana Obadiah, mwalimu mkuu mpya wa shule ya Mghange. Wazazi walikuwa wametengeneza uwanja wa mpira wa pete, wamechimbia milingoti mipya, na uwanja huo wangeuita jina la Milka. Ufunguzi ungekuwa Jumamosi, Kuala Lumpur wakiwa bado wanacheza, na yeye ndiye angekuwa mgeni wa heshima. Aya ya mwisho ndiyo iliyomtia hofu. Bwana Obadiah alikuwa akiandaa kijitabu cha historia ya shule, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kupenda uhakika, alikuwa ameandika barua Nairobi kuomba majina ya wachezaji wote wa mechi ile ya Zambia.

"Watamjibu," Milka alisema. "Watamjibu kwamba hakukuwa na mechi. Atasimama mbele ya watu na barua yenye muhuri, na mama yangu atakuwa amekaa pale mbele."

"Basi uifikie Mghange kabla ya barua."

Aliirudisha barua kwenye bahasha. "Utakuja na mimi?"

Tulipata nafasi kwenye gari la mfanyabiashara wa saruji, Ijumaa baada ya masomo. Mimi nilijifunga shali juu ya buibui tangu Wundanyi, maana sisi wa Voi, tukipanda huko, tunaona kila upepo ni ugonjwa.

Mamake alikuwa mwanamke mdogo wa kimo, mwenye mikono yenye nguvu. Alitupokea vizuri sana, lakini niliona kitu ambacho sikukitarajia. Alimsalimia mwanawe kwa tahadhari, kama mtu anayebeba mayai. Hakumwuliza chochote. Alimpa maji ya moto ya kunawa, akampa kiti karibu na moto, akawa anamtazama akidhani hatazamwi.

Asubuhi ya Jumamosi mama alikuwa jikoni akiponda kimanga, yaani ndizi na maharagwe pamoja, kwa ajili ya wageni wa sherehe. Milka akaingia, akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nikimenya vitunguu. Nilitaka kutoka, akanishika bega. Walianza kwa Kidawida, lugha ya Wataita, na Kidawida changu ni cha kununulia mboga tu. Lakini mama, kwa heshima ya mgeni, akageukia Kiswahili, na Milka akamfuata.

"Mama, mimi sikucheza na Zambia."

"Ulicheza na nani?"

"Sikucheza. Mpira wa pete haukuwemo kwenye ile michezo. Nilipewa kazi ya kuonyesha watu viti."

Mwiko ukasimama.

"Wiki zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na hakuna mtu aliyekufanya kitu?"

"Kitu gani, mama?"

"Nakuuliza wewe, Milka. Huko Nairobi. Kuna mtu alikugusa? Kuna mtu alikuumiza?"

"Hapana."

"Niangalie ukisema."

Milka akamwangalia. "Hapana, mama. Nilionyesha watu viti, nikala, nikalala, nikapanda basi. Hakuna mtu aliyenifanya chochote. Niliona haya tu. Mlikuja mkiimba, nikashindwa kusema. Halafu nikadanganya, nikasema Zambia."

Mama aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Alitafuta kiti kwa mkono, kama mtu aliye gizani, akaketi, akajifunika uso kwa leso. Mabega yakaanza kutikisika. Milka akapiga magoti mbele yake, akiomba msamaha, akisema atakwenda mwenyewe kuwaambia watu, asife moyo. Mama alipoiondoa leso, nilishtuka. Alikuwa analia, ndiyo, lakini pia alikuwa anacheka.

"Ni hilo tu?" akasema. "Milka, ni hilo tu?"

"Mama, ni miaka kumi na mmoja..."

"Miaka kumi na mmoja najua mwanangu aliharibiwa Nairobi! Ulikwenda Nairobi unacheka, ukarudi hucheki. Nikikuuliza habari za huko, unatazama chini. Mpira ukauacha, wewe, uliyekuwa unalala nao! Mwanaume akija kuuliza habari zako, unamkimbia. Krismasi unakaa siku mbili, unakimbia. Nikasema moyoni, huyu mtoto alifanyiwa jambo, na hawezi kunieleza mimi mamake. Nilikuwa naamka usiku wa manane namwomba Mungu aniambie ni nani. Nilimchukia huyo mtu, Milka. Nilimchukia kila siku, na kumbe hayupo!"

Alishika uso wa mwanawe kwa mikono iliyogandwa na ndizi.

"Kumbe ulikuwa unaonyesha watu viti! Zambia! Mimi Zambia ya nini? Najua hata iko wapi?"

Milka alilaza kichwa kwenye mapaja ya mamake, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, miguu yake mirefu imetoka mpaka kizingitini. Mimi niliendelea kumenya vitunguu. Ilikuwa vizuri kwamba nilikuwa na vitunguu.

Sijui nimewaza mara ngapi juu ya asubuhi ile. Wawili hawa walikuwa wamelindana kwa kunyamaza. Mmoja alinyamaza asimwondolee mwenziwe fahari, na mwenziwe akanyamaza asimtoneshe kidonda. Kila mmoja aliamini kwamba kimya chake hakionekani.

"Sasa simama," mama akasema mwishowe. "Osha uso. Kimanga kinaungua, na watu wako wanangoja."

Uwanjani watu walikuwa wengi. Milingoti miwili ilisimama, imepakwa rangi nyeupe, na pete zake mpya ziking'aa. Ukungu ulikuwa umeondoka. Bwana Obadiah, aliyevaa tai, alimkaribisha mgeni wa heshima kwa hotuba ndefu, akazitaja zile namba mara mbili, kisha akampa nafasi azungumze. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, mimi pembeni yake.

Milka alisema yote. Hakupamba. Alisema kuhusu barua, kambi, mama mwenye faili, viti, suti, kwaya, na neno lake moja. Alipomaliza akasema, "Niliwadanganya, na nawaomba radhi. Uwanja huu mpeni mtu mwingine."

Mbwa mmoja alipita katikati ya uwanja, hakuna aliyemfukuza. Kisha Mzee Zephaniah akainuka kwa kutegemea fimbo.

"Hebu subiri," alisema. "Barua niliisoma mimi. Ilisema 'nimeitwa kwenye Michezo'. Neno 'kucheza' nililiongeza mimi, kwa sababu nilidhani mtu akiitwa kwenye michezo anaitwa acheze. Kwa hiyo dhambi hii ina wenyewe wengi. Zambia ni yako, Milka. Kucheza ni yangu. Na hayo mabao thelathini na moja ni ya nani? Mwenyewe asimame!"

Watu wakaanza kutazamana. Kwenye safu ya kwaya mkono mmoja ukapanda polepole. Alikuwa Nduku, mwanamke wa Kikamba aliyeolewa Mghange.

"Ni mimi," akasema. "Watu walikuwa wananiuliza sokoni mlishinda mangapi. Nikaona kusema tulishinda tu, bila mabao, ni kama kumpa mtu ugali mkavu."

"Nduku! Na hayo ishirini na nane ya Zambia?" mzee akauliza.

"Si lazima nao wapate kitu? Walikuwa wageni."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikawafikia wazee, kikawabeba hata watoto ambao hawakuelewa. Bwana Obadiah peke yake ndiye aliyebaki na wasiwasi.

"Lakini barua yangu imeshaenda Nairobi," alisema. "Sasa wakijibu, nitawaambia nini?"

"Mwalimu mkuu, wewe ni mgeni hapa," Mzee Zephaniah akamwambia. "Tangu lini Nairobi ikajibu barua ya Mghange?"

Watu wakacheka upya. Msichana mmoja wa darasa la saba, mwenye fulana ya mfungaji, akauliza bila kuinua mkono, "Mwalimu, kwa hivyo wewe hukuwa mchezaji?"

"Nilikuwa mchezaji," Milka akajibu. "Mchezo ndio haukuwa na nafasi. Sasa umepata. Wiki hii, huko Kuala Lumpur, wasichana wanacheza mpira wa pete na watavishwa medali. Hilo si la kubuni, limetangazwa redioni."

"Kenya nayo iko?"

"Sikuisikia ikitajwa."

"Aah! Basi sisi ndio tutaenda," msichana akasema, kama mtu anayezungumzia kwenda Wundanyi siku ya soko.

Suala la jina la uwanja lilizua ubishi kidogo. Wengine walisema libaki, wengine walisema si haki. Mama wa Milka ndiye aliyelimaliza, bila hata kusimama. "Ni jina lake," alisema. "Hilo hakulidanganya. Kaifuteni Zambia ukutani, jina liacheni." Wakakubali. Nadhani wengi walitaka tu watoto waanze kucheza, na kimanga kiletwe.

Ratiba ilisema mgeni wa heshima atarusha mpira wa kwanza, kisha atakuwa refa. Milka alisimama chini ya mlingoti, mpira mikononi. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Alikunja magoti kidogo, akanyoosha mkono, mpira ukaenda juu bila haraka, ukagusa ukingo wa pete, ukazunguka, ukatoka nje. Watoto wakaguna. Yeye akacheka kwa sauti, akaudaka, akarusha tena. Ukaingia.

Alirudi kuketi kando ya mamake afunge kamba za viatu. Alipotaka kuinuka, mama alikuwa ameshamlalia begani. Kelele zote zile, kayamba, watoto, mwenye kipaza sauti akijaribu mitambo, na yule mwanamke alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi kidogo, jua likimpiga mikononi.

Milka alinitazama. Hakuthubutu hata kusogeza mguu.

"Dada Saadiya," alinong'ona, akanipa filimbi. "Nenda wewe."

"Mimi? Na buibui hili?"

"Wewe nenda. Mimi nina kazi hapa."

Nikaingia uwanjani, nikalipandisha buibui kidogo nisijikwae, na wasichana wa Mghange wakanizunguka wakicheka. Nilikuwa sijachezesha mechi tangu nilipomaliza chuo. Nilipuliza filimbi, na dakika ya kwanza tu nikakosea, nikaipa mpira timu isiyostahili. Mzee Zephaniah akanipigia kelele kutoka kando, "Refa! Umetoka Voi kuja kutuonea?" Wanawake wakamnyamazisha wote kwa pamoja, wakimwonyesha kiti cha mbele, asije akamwamsha mama.